Gari la utalii lililostaafu: kagua kiungo kabla ya injini

Kaskazini mwa Tanzania kuna gari ambalo mikoa mingine si rahisi kulikuta mikononi mwa mtu binafsi. Ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyokatwa nyuma ya kabini, ikaungwa kipande cha chesisi (fremu ya chuma ya chini), ikavikwa bodi ndefu yenye madirisha ya kusukuma na paa la kuinua. Ilijengwa ibebe wageni sita au saba na kamera zao kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Ikishachoka, au kampuni ikipata mpya, inauzwa. Wanunuzi hawakosekani: mkulima wa Karatu, mwalimu wa Tengeru, familia ya Rombo, mwongoza watalii aliyechoka kuajiriwa na sasa anataka la kwake.

Kwa matumizi ya kila siku gari hili halina utetezi. Injini yake ya kawaida, 1HZ, ni dizeli ya silinda sita yenye cc 4,164, na likibeba watu hutembea kilomita saba au nane kwa lita. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, kwa hiyo kwenda peke yake ni lita kumi na ushee. Halina tabo, na kwenye mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, hewa nyepesi imeshaila zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ukingo wa bonde juu ya Mto wa Mbu utaupanda taratibu, huku malori yakikufuata kwa karibu.

Kukata kona ni mtihani mwingine. HZJ78, mojawapo ya modeli za mfululizo huo, ikitoka kiwandani ina mita 2.98 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiongeza nusu mita, mduara wa kugeukia unakua kwa karibu asilimia 17, kwa sababu tairi za mbele bado zinakata kwa pembe ileile ya zamani. Karibu na Mnara wa Saa, pale Noah inapoingia mara moja, wewe utarudi nyuma mara mbili. Geti fupi hupiti, na masika paa linavuja.

Hata hivyo, anayelinunua si mtu wa kuchekwa. Ni vigumu kupata gari jingine la bei hiyo linalobeba watu wanane, kila mmoja na dirisha lake, likapita njia ya Engaruka hadi Ziwa Natron, na wiki inayofuata likapakia mbegu na mbolea. Desemba, watu wanapopanda Moshi "kuhesabiwa", yaani kula sikukuu nyumbani, familia nzima inaingia gari moja na mizigo yake, na barabara ya udongo ya kwenda kihambani haiwi tena hoja ya kuacha gari kwa jirani wa chini. Injini ya 1HZ imekuwepo tangu 1990, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na fundi wa Makuyuni anaifungua bila kompyuta. Spea zake zinapatikana hadi minada ya vijijini. Halafu kuna paa. Kusimama ndani ya gari, upepo usoni, ukautazama Mlima Meru bila kioo katikati, ni furaha ya kweli, na mtu ana haki ya kuilipia.

Kosa la wanunuzi wengi ni kukagua gari hili kama linavyokaguliwa Land Cruiser la kawaida. Wanasikiliza injini, wanachungulia moshi, wanatoa hela. Injini ya 1HZ ikifa inanunuliwa nyingine iliyotumika na inafungwa ndani ya siku chache. Chesisi iliyoungwa vibaya haina spea. Kwa hiyo anza chini, na usianze bila tochi, brashi ya waya, futi kamba na nguo za kulalia vumbini.

Kwanza pima. Tairi za mbele zikiwa zimenyooka, weka futi kamba katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Tofauti ya milimita chache inavumilika. Ikifika sentimeta moja au zaidi, ama chesisi iliungwa ikiwa imepinda, ama ekseli ya nyuma imehama kwenye springi kwa sababu boliti ya katikati imekatika. Gari la namna hiyo linatembea upande kama kaa, na tairi zake za mbele zinaliwa kwa ndani au nje hata ukilipeleka alaimenti kila mwezi. Kipimo hicho hicho kinakuonyesha liliongezwa kiasi gani. HZJ75 na HZJ78 zinaanzia mita 2.98, HZJ79, ile pikapu iliyotoka 1999, inaanzia mita 3.18.

Sasa tafuta kiungo chenyewe. Mara nyingi kimefunikwa na rangi nyeusi nzito ya lami, na rangi mpya mahali hapo peke yake ni sababu ya kukwangua. Kwangua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Unachotaka kukiona ni mkato wa mshazari au wa ngazi, si mkato ulionyooka wima, na bamba la kuimarisha lililopita kiungo kwa urefu wa kutosha pande zote mbili, ncha zake zikiwa zimechongwa zipungue kama mkuki. Chesisi ikipita kwenye mashimo inapinda kama boriti: uso wa juu unabanwa, wa chini unavutwa, halafu vinabadilishana, maelfu ya mara kwa siku kwenye rafu rodi. Mkazo mkubwa uko kwenye nyuso hizo mbili, juu na chini. Mstari wa kuchomelea unaokatiza uso wa chini kutoka ukingo hadi ukingo ndipo ufa unapozaliwa. Bamba lenye ncha butu linahamishia mkazo wote pale linapoishia, na chesisi inapasuka sentimeta moja au mbili nje ya bamba huku kiungo chenyewe kikiwa kizima. Wengi hukagua kiungo, wanakikuta safi, wanaondoka. Kagua pale bamba linapoishia.

Ufa mdogo unaonekana kama uzi wa kutu ya rangi ya chungwa kwenye rangi nyeusi. Ukiuona, muulize fundi mwenye leseni ya kuchomelea kabla ya kuendelea. Kuuziba kwa juu tu bila kuukata na kutoboa tundu dogo kwenye kila ncha yake ni kuahirisha, kwa sababu ufa unaendelea kutembea chini ya chuma kipya. Angalia pia mabano ya springi za nyuma na vishikizo vya shokapu. Hivi hupasuka hata kwenye magari ambayo hayakurefushwa, kwa ajili ya mawimbi ya barabara za hifadhini.

Chesisi ikirefuka, propela shafti (fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) nayo ilirefushwa, na hapo pana habari nyingi. Shafti ndefu ya kipande kimoja ikizunguka kwa kasi huanza kujipinda kama kamba ya kuruka. Kasi inayoweza kuhimili inapungua kwa mraba wa urefu: ongeza urefu kwa asilimia 20, uwezo unashuka kwa karibu asilimia 30. Karakana nzuri hugawa shafti vipande viwili na kuweka senta beringi katikati. Kwenye majaribio endesha kwenye lami, kutoka Kisongo kuelekea Makuyuni panafaa, ongeza kasi polepole hadi kilomita 80 kwa saa. Mtetemo unaokuja kwa kasi fulani na kuondoka ukizidisha unatoka kwenye shafti au kwenye tairi. Mtetemo unaoanza ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, shuku krosi (viungo vinavyopinda vya shafti) na pembe ya difu. Lala chini uangalie masikio ya shafti, yale yanayoshika krosi: yale ya ncha ya mbele na ya nyuma ya kila kipande yanatakiwa yawe kwenye mstari mmoja. Kuna mafundi wanaoirudisha shafti ikiwa imegeuka meno mawili, halafu mwenye gari ananunua krosi kila miezi mitatu asijue sababu. Mpira wa senta beringi usukume kwa mkono. Ukicheza sana au umepasuka, ubadilishe, si ghali.

Breki zinasahaulika. Paipu za breki, paipu za dizeli na kebo ya hendibreki zote zilirefushwa. Paipu ya breki ikubaliwe tu ikiwa imeungwa kwa viungo vya skrubu vyenye ncha zilizopanuliwa kitaalamu, kamwe si kwa mpira na kleampu. Nyuma, kati ya chesisi na ekseli, kuna fimbo iliyounganishwa na valvu inayopima mzigo na kugawa nguvu ya breki za nyuma. Gari likiinuliwa kwa springi ngumu, fimbo inaidanganya valvu kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zinapunguziwa nguvu. Kwenye mteremko wa Ngorongoro mzigo wote wa kusimama unabaki mbele. Fimbo hiyo inarekebishika. Ukikuta imefungwa kwa waya au haipo, weka jambo hilo kwenye bei, na usipakie watu kabla halijatengenezwa.

Mbele, futa kwa kitambaa vile vifundo viwili vya duara nyuma ya tairi. Unyevu mwepesi wa grisi si tatizo. Ukikuta supu nyeusi inayodondoka, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu inaosha grisi ya kifundo. Ukiacha, jointi ya ndani inaanza kugonga ukikata kona. Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza huku mwenzako amekanyaga breki, ni beringi za kingpini, yaani mhimili ambao tairi hugeukia; mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi za habu.

Kuhusu bodi sina mengi. Paa likikatwa bodi inapoteza ugumu, kwa hiyo nyufa huanza kwenye kona za madirisha. Chache ndogo ni kawaida. Inua paa na ulishushe mara kadhaa, uone kama linakaa sawasawa kwenye mpira wake. Mpira wa kuzunguka paa ubadilishe wote mara moja. Kuziba kwa silikoni hapa na pale kunapeleka maji mahali pengine tu.

Vumbi linawasumbua zaidi wenye magari haya kuliko maji, na wengi wanalishughulikia kinyume. Gari likitembea, hewa ya nyuma yake inakuwa na mgandamizo mdogo, vumbi linazunguka pale na kuvutwa ndani kupitia mlango wa nyuma. Ukifungua paa au dirisha la nyuma unasaidia uvutaji huo. Funga nyuma yote, badili mpira wa mlango, kisha fungua matundu ya hewa ya mbele na uwashe feni, ili ndani kuwe na mgandamizo unaosukuma kwenda nje. Paa lifunguliwe gari likiwa limesimama au linatembea taratibu. Na watu wasisimame gari likienda kasi: paa, watu na mizigo ya juu vinapeleka uzito juu, na gari refu lenye springi ngumu linapinduka kabla dereva hajahisi kwamba lilikuwa linaegemea.

Viti vivute kwa nguvu zote. Angalia chini ya sakafu kama boliti za viti na mikanda zina bamba nene la chuma. Boliti nyembamba na washa ndogo kwenye bati havimshiki mtu kwenye ajali. Umeme wa ziada, yaani friji, chaja za kamera, inveta na redio ya mawasiliano, uondoe wote ambao hutautumia. Kila waya utakaobaki uwe na fyuzi karibu na betri. Magari ya utalii yakiungua, mara nyingi ni waya ulioongezwa bila fyuzi na kusuguliwa na bodi.

Injini nayo isiachwe kabisa. Iwashe ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili uone inavyopumua. Uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, na kama hakuna maandishi, badili siku unayonunua. Muda wake ni kilomita 100,000, na belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Kilomita za dashibodi usizitegemee. Tazama pedali zilivyolika.

Anayependa Land Rover 110 iliyostaafu kazi hiyo hiyo ajue anachagua matatizo mengine. Bodi ya aluminiamu haioti kutu nyekundu, lakini chesisi ni chuma na inaoza kwa ndani. Injini ya 300Tdi, iliyoingia 1994, hula mafuta kidogo kuliko 1HZ, ila silinda hedi yake ya aluminiamu inapinda gari likichemsha hata mara moja. Arusha, mji uliokusanya Land Rover kwa msafara wa Oktoba 2024, hauhitaji kuambiwa kwa nini watu wanazipenda. Mimi kwa familia ningechukua 1HZ, kwa safari za peke yangu 110.

Karatasi: namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na kadi, na uthibitishe kwamba kipande kilichokatwa hakikuondoka na namba. Gari la biashara lina namba nyeupe; ukilitaka kwa matumizi binafsi, badili matumizi TRA upate namba za njano. Na mwongoza watalii anayenunua ili afanye kazi akumbuke kwamba leseni ya biashara ya utalii, iliyozoeleka kwa jina la TALA, ni ya kampuni, haiji na gari.

Wakati mzuri wa kununua ni Aprili na Mei. Wageni wamepungua, kampuni zinatafuta fedha za matengenezo ya msimu wa Juni, na mvua inakukagulia paa bure. Tenga theluthi moja ya bei kwa ajili ya matengenezo ya mwanzo: belti, mipira ya paa, krosi, sili za mbele, breki, na tairi kama zimeshafika mwisho. Fedha hiyo ikiwa haipo, bora usubiri msimu mwingine wa mvua.