Mawe ya Hercules

Mwaka ule nilikuwa nikimtunza mzee mmoja mtaa wa Quadraro, Roma, vituo vichache vya treni ya chini kutoka studio za filamu za Cinecittà. Kiitaliano nilikuja nacho kutoka kwetu; mtoto wa Malindi hukiokota ufukweni na mahotelini zamani kabla hajajua kitamfaa wapi. Nilimwita Babu, naye akaitika. Miguu ilikuwa imeshamkataa, lakini mikono ilibaki ya fundi: vidole vinene, kucha pana, viganja vikavu. Nilijua ujanani alifanya kazi ya plasta. Plasta ya nini, hakuwa amenieleza.

Usiku mmoja wa baridi kali usingizi ulimruka. Nikampitishia mikono chini ya makwapa, nikamhamishia kwenye kiti chake cha dirishani, nikamfunika blanketi na kuwasha runinga. Stesheni moja ndogo, ya zile zinazouza magodoro mchana kutwa, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza filamu ya zamani. Farasi wa binti mfalme wameshtuka, gari linakwenda mbio kuelekea gengeni, binti anapiga kelele. Mara anatokea mtu wa miraba minne, ndevu zimechongwa vizuri, anang'oa mti na mizizi yake na kuutupa njiani. Farasi wanasimama.

Babu alikaa wima. Nilikuwa sijamwona akikaa wima tangu nije.

"Hii sikuifanyia kazi," akasema. "Hii ndiyo iliyonipa kazi."

Ilikuwa Le fatiche di Ercole, yaani Kazi za Hercules, yule shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, ya Pietro Francisci, iliyotoka mwaka 1958. Yule wa miraba minne ni Steve Reeves, Mmarekani aliyeshinda taji la Mr. Universe mwaka 1950, na binti wa kwenye gari ni Sylva Koscina. Babu alinieleza kila kitu bila kuondoa macho kwenye kioo. Ilikuwa filamu ya bajeti ndogo, lakini Waitaliano walijazana kuitazama. Kisha mfanyabiashara wa Marekani, Joseph E. Levine, akainunua, na mwaka 1959 akatumia kuitangaza fedha nyingi mara kadhaa kuliko alizoinunulia. Baada ya hapo kila mtayarishaji wa Roma akataka pandikizi lake la mtu. Kwa miaka isiyofika minane zikatoka zaidi ya filamu mia za namna hiyo: Hercules, Maciste, Ursus, Samson, Goliath. Mapandikizi ya Kimarekani hayakutosha, basi vijana wa Kiitaliano wakabatizwa upya. Sergio Ciani wa Roma akawa Alan Steel. Adriano Bellini wa Venice akawa Kirk Morris.

Na kila pandikizi lilihitaji mawe ya kuinua, nguzo za kuangusha, malango ya kuvunja. Hapo ndipo Babu alipoingia.

Jiwe kubwa, alisema, huanza na kiunzi cha mbao nyembamba na waya. Juu yake unatandika gunia lililochovywa plasta, ukingoja likauke, halafu unapaka rangi tatu: ya kijivu kwanza, ya udongo mabondeni, na nyeupe kidogo kwenye kingo ili lionekane limepigwa na jua la miaka mingi. Hilo ni jiwe la kukaa. Jiwe la kurushwa ni karatasi na gundi tupu. Tatizo lake ni kwamba likiwa jepesi mno huyumba hewani, na mtu wa mstari wa mwisho ukumbini akajua amedanganywa. Kwa hiyo yeye alishonea kifuko cha mchanga ndani, upande mmoja, ili lianguke kwa kichwa. Aliponieleza hilo aliinua kiganja na kukiangusha kwenye mkono wa kiti, aone kama nimeelewa.

"Sasa tazama magoti yake," akasema.

Nikatazama. Reeves alikuwa ameinua kitu juu ya kichwa, na kweli magoti yalikuwa yamekunjika kidogo, nyayo zimejipanua, shingo imezama mabegani. Mkao ule niliujua. Babu yangu mzaa mama alikuwa hamali katika bandari ya zamani ya Mombasa, akishusha tende na samaki wakavu kutoka majahazini, na hata uzeeni, akiokota kitu chepesi tu, aliinama kwa magoti vile vile. Nikamwambia mzee habari hiyo. Akapiga paja.

"Hamali! Unamjua Maciste wa kwanza alikuwa nani?"

Nilikuwa simjui. Akanisimulia Cabiria, filamu bubu ya Giovanni Pastrone iliyotengenezwa Torino na kuonyeshwa mwaka 1914, habari za Roma na Carthage, binti anayekaribia kutolewa kafara kwa mungu Moloki, na mtumwa mwenye nguvu za ajabu anayemwokoa. Mtumwa huyo ndiye Maciste. Waliyemchukua kumwigiza hakuwa mwigizaji hata kidogo. Alikuwa Bartolomeo Pagano, mpakuzi wa shehena katika bandari ya Genoa. Watu walimpenda kuliko waigizaji wote waliosomea kazi hiyo, na mwaka uliofuata akapewa filamu yake mwenyewe.

Hapo Babu akasita, akanitazama usoni.

"Katika ile ya kwanza alikuwa Mwafrika," akasema. "Mtumwa Mwafrika. Walimpaka Pagano rangi mwili mzima. Katika ile ya pili wakampangusa."

Alilisema jambo hilo kama mtu anayekabidhi kitu kisicho chake. Sikumjibu upesi. Shujaa ambaye nchi nzima ilimshangilia, ambaye watoto wa vijiji vya Italia waliitana kwa jina lake wakipigana mieleka, alizaliwa mtu wetu, kisha akapanguswa kwa taulo. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini kuna jambo jingine nililiona usiku ule, na silitupi kwa sababu ya hilo la kwanza: chini ya rangi ile palikuwa na hamali wa kweli. Nguvu aliyoionyesha Pagano haikuwa ya mfalme wala ya askari. Ilikuwa nguvu ya kubeba, kusukuma, kuvuta na kung'oa, kazi zile zile ambazo maskini huzifanya kutwa na hakuna anayesimama kuzitazama. Miaka baadaye nilikwenda Torino, nikaliona lile sanamu la Moloki la Cabiria katika Makumbusho ya Sinema. Ni kubwa, lina mabawa na mdomo wazi. Nilimfikiria Pagano zaidi kuliko nilivyolitazama sanamu.

Nikamuuliza Babu nani waliokuwa wakizitazama filamu zao. Akasema si watu wa kumbi za katikati ya mji, wenye viti vya mahameli. Zilikwenda kwenye kumbi za mitaani, za tiketi rahisi, na kwenye miji midogo ya kusini. Mtaani kwake watazamaji walikuwa vijana waliokuja Roma kujenga maghorofa, wengi wamekulia njaa ya vita. Jumapili waliingia ukumbini na saruji bado imo kwenye kucha. Mbele yao mtu mmoja anainua boriti ambayo wao huibeba wanne, tena anaibeba kwa ajili ya watu wanyonge na dhidi ya mfalme mwovu. Wasomi wa magazeti walizicheka. Babu hakuwahi kuzicheka, na mimi nikiisha kuiona filamu ile usiku wa manane pamoja na mtu aliyetengeneza mawe ya filamu za namna hiyo, sioni cha kucheka.

Mtu aliyemtaja kwa heshima kuliko wote hakuwa na misuli yoyote. Ni Mario Bava, aliyekuwa mpigapicha wa filamu hii tuliyokuwa tukiitazama, na ambaye mwaka 1961 aliongoza yake mwenyewe, Ercole al centro della terra, akiwa na Reg Park wa Uingereza kama Hercules na Christopher Lee kama adui. Hercules anashuka kuzimu. Fedha ya kujenga kuzimu hakuna. Bava alikuwa na ukuta wa vipande vipande na nguzo chache za kuhamishika, basi akavisogeza huku na huku, akavimwagia taa nyekundu, kijani na zambarau, moshi ukipita chini, na ukiitazama unaapa umetembezwa ahera nzima. Babu alisema mafundi waliomfahamu walikuwa wakibaki baada ya saa za kazi ili tu waone anavyoweka taa.

Kisha ikaisha, na ikaisha haraka. Sergio Leone, ambaye mwaka 1961 alikuwa bado anaongoza Il colosso di Rodi na mapanga yake, mwaka 1964 akatoa filamu ya makauboi, na Italia nzima ikamfuata. Mahekalu yakabomolewa. Babu akapewa mbao ajenge mabaa.

Kwenye runinga filamu ilikuwa inakaribia mwisho. Hercules amezungushia minyororo kwenye nguzo za ikulu, anavuta, mishipa imemtoka, na ukumbi mzima wa mbele unaporomoka juu ya askari. Nikasema bila kufikiri, "Liyongo naye alifungwa minyororo."

"Nani?"

Basi nikamsimulia Fumo Liyongo wa pwani ya Lamu: jinsi alivyopuliza pembe mpaka ya tatu ikapasuka, jinsi alivyofungwa gerezani, mama yake akamwokea mkate wa wishwa, tupa imefichwa ndani, jinsi alivyotunga wimbo wa ngoma ya gungu, mji ukaimba na kupiga matari kwa kelele, naye chini ya kelele hizo akaikata minyororo. Babu alitaka vipimo. Pembe urefu gani? Ikipasuka kila mara tunahitaji nne, kwa sababu moja huharibika kabla ya kamera kuwa tayari. Mkate mkubwa kiasi gani? Tupa lazima ionekane ikichomoza, mtazamaji aione kabla ya mlinzi.

Nilipofika kwenye kifo alikataa. Mwana kumchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba? Stelingi hafi, watoto wa Quadraro wanajua hivyo na watoto wa Malindi wanajua hivyo. Nikashikilia. Liyongo lazima afe: aende kisimani, apige goti, atie mshale kwenye upinde, na afe hivyo hivyo bila kuanguka, watu wa mji wakae siku kadhaa bila maji kwa kumwogopa maiti.

Alinyamaza, akikuna kidevu. Halafu uso ukachangamka. Sehemu hiyo, akasema, ni rahisi kuliko zote. Haina farasi, haina moto, haina jiwe hata moja. Ni mtu mmoja amepiga goti na umati wenye mitungi mitupu. Angeipiga siku mbili tu, kwenye maporomoko ya Monte Gelato, walikokuwa wakienda kila mara walipohitaji maji.

"Na Liyongo nani?" nikamuuliza. "Steve Reeves?"

"Hapana. Nenda Mombasa, bandarini, ukatafute hamali. Na rangi hatununui."

Akaniomba karatasi na kalamu. Tukaanza na mitungi: mingapi ya udongo kwa ajili ya wale wa mbele, mingapi ya karatasi kwa wale wa nyuma.