Katy Trail: Clinton hadi Rocheport imekamilika

Upande wa magharibi nimeumaliza. Clinton hadi Rocheport kwa baiskeli, maili 86, karibu kilomita 139, kwa siku moja. Njia nzima ya Katy Trail hapa Missouri ina kama kilomita 386 mpaka Machens. Mpango wangu ni kuizoea kipande kwa kipande, kisha niiendeshe yote kwa safari moja.

Kwa asiyeijua: hili ni tuta la reli ya kampuni ya Missouri–Kansas–Texas, ambayo watu waliifupisha wakaiita Katy. Treni ziliacha kupita mwaka 1986. Sheria ya Marekani iliyorekebishwa 1983 inaruhusu tuta lililoachwa libaki zima, litumiwe na waenda kwa miguu na baiskeli, ili reli ikihitajika tena ardhi iwepo. Pasingekuwa na sheria hiyo, tuta lingemegwa shamba kwa shamba na safari kama hii isingewezekana. Ted Jones na mkewe Pat walichangia zaidi ya dola milioni 2 ili jimbo liipate. Nawashukuru kila ninapopita.

Sasa uendeshaji wenyewe. Injini ya treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walichimba vilima na kufukia mabonde mpaka mwinuko ukawa mdogo sana. Ukisikia hivyo unadhani ni lelemama. Sivyo. Kwenye barabara ya milima unapanda, halafu unashuka umetulia, miguu inapumzika na damu inarudi makalioni. Hapa hakuna mteremko wa kukubeba. Ukiacha kukanyaga pedali, mchanga wa chokaa unakukamata na baiskeli inazubaa. Ni kukanyaga saa baada ya saa, umekaa mkao uleule. Karibu na Windsor ndipo njia inapofika juu kabisa, mita 291, na kupanda kwenyewe huwezi kukuona: jicho linasema tambarare, mapaja yanakataa.

Ndiyo maana kazi kubwa ya mwezi huu haikuwa mazoezi ya nguvu, ilikuwa mkao. Nimeinua usukani kidogo, nimeisogeza siti mbele kwa upana wa kidole, na nimejiwekea utaratibu wa kusimama juu ya pedali kila nikipita nguzo ya maili, hata kama sijachoka. Namba za maili zilirithiwa kutoka reli na zinahesabiwa kuanzia St. Louis, kwa hiyo Clinton unaanzia 264 na zinapungua kadiri unavyokwenda mashariki. Kwa mpanda baiskeli huo ni msaada mkubwa wa moyo. Ganzi ya vidole niliyokuwa nikiipata baada ya Sedalia safari hii haikuja.

Tairi ni za milimita 40, zenye tyubu. Nilipunguza upepo hadi paundi 38 nyuma na 35 mbele, na tofauti niliisikia mabegani. Chokaa iliyosagwa ikiwa kavu ni laini kama sakafu. Ikilowa, inageuka uji wa kijivu unaoingia kwenye cheni, na ukikauka unaganda kama saruji kati ya viungo vyake. Usilale bila kuiosha. Maji ya kawaida na brashi vinatosha, kisha kausha kwa kitambaa ndipo utie mafuta.

Boonville unavuka Mto Missouri kwa daraja la magari. Lile la reli la mwaka 1932, lenye kipande kinachoinuka kupisha meli, bado lipo pembeni. Wenyeji walipigania miaka mingi lisibomolewe, na nadhani walifanya jambo la maana sana. Karibu na Rocheport kuna handaki pekee la njia nzima, la 1893, urefu wa mita 74. Ukiingia humo ukiwa na jasho, ubaridi wa mawe unakupokea mwili mzima.

Kinachofuata ni Rocheport hadi McKittrick, maili 77. Huko njia imebanwa kati ya majabali na mto, na sehemu nyingi ziliharibiwa na mafuriko ya 1993. Mvua ikinyesha nitasubiri ikauke kwanza. Cheni mpya nimeshaagiza. Tairi ya mbele naihamishia nyuma, mpya inakaa mbele.