Tundu lililotugombanisha mimi na ami

Ugomvi ulianza kwa tundu moja la risasi kwenye shabaha ya karatasi. Ami anasema limegusa mstari wa tisa. Mimi nasema ule ni mpasuko wa karatasi tu, risasi yenyewe imepita kwenye nane. Katika mchezo huu tundu likigusa mstari unahesabiwa alama ya juu, kwa hiyo milimita moja ya mpasuko ni maneno mpaka magharibi. Na shabaha nilizichapa mimi, dukani kwangu Wete, kwa karatasi ya fotokopi ya gramu 80.

Ami ana bunduki ya upepo ya milimita 4.5, na kibali chake anacho. Hulenga nyuma ya nyumba ya shamba, mita 10, magunia ya mchanga yamepangwa nyuma ya shabaha. Vipimo nilichukua vya bastola ya upepo ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, ambapo duara la kumi lina upana wa milimita 11.5 na la nje kabisa 155.5. Shabaha ya bunduki niliiacha. Kumi yake ni nukta ya nusu milimita, na macho ya ami ni ya mtu mwenye wajukuu.

Nilikaa na zile karatasi nikazitazama kwa lenzi. Ya fotokopi haikatwi na risasi, inapasuka: mbele unaona nyota, nyuma vijiulimi vinne vimesimama. Nikajaribu ile ngumu ya kung'aa ya kadi za harusi, nikidhani ugumu ndio dawa. Ule mng'aro ukabanduka pembeni mwa tundu, na wino wa unga wa mashine ukabanduka nao, ukabaki weupe usiojua uanze wapi kupima. Karatasi ya kaki ndiyo mbaya kupita zote. Nyuzi zake zinavutika, kisha tundu linajifumba.

Manila, ile ya mabango ya shuleni, ilitoa tundu la mviringo hasa. Nikafurahi, nikakata shabaha hamsini. Wiki ya pili tukiwa katikati ya masika, manila ile ile ikatoa matundu yenye manyoya kama kitambaa kilichofuliwa mno.

Unyevu! Mtu wa fotokopi ningepaswa kujua, maana karatasi ikinyonya maji hata kwenye mashine inakwama. Nikazianika juani kwenye mkeka, zikajikunja zote kama majani makavu. Jua lile ni la kuanikia karafuu. Sasa nazilaza juu ya mashine ya fotokopi inapofanya kazi, joto lake ni la kiasi, nimezikandamiza kwa ubao, kisha zinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka saa ya kulenga.

Jambo jingine ni mgongo. Manila ikining'inia kwa pini mbili inasukumwa kabla ya kukatwa. Boksi la sabuni halikusaidia, ndani lina mawimbi na uwazi. Nikagundisha manila juu ya gamba gumu la kaunta buku, kingo zote nne, na gamba likishatobolewa sana nalitupa, kwa sababu penye shimo la zamani karatasi haina tena kinachoishikilia.

Ami naye nilimbadilishia risasi. Alikuwa akitumia zilizochongoka, ambazo hutoboa kama sindano na kusukuma karatasi pembeni. Zenye kichwa bapa hukata kama tundu la pancha ya ofisini.

Hata hivyo tundu huonekana dogo kuliko risasi iliyolipita, kwa sababu karatasi hurudi kidogo. Ndiyo maana nimeacha kuchapa katikati kweusi. Nachapa mistari tu. Kwenye weupe risasi huacha pete ya kijivu, na hiyo pete ndiyo ninayoipima. Nachukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili, napima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja mpaka ukingo wa nje wa lile la mbali zaidi, natoa 4.5, napata umbali wa katikati kwa katikati. Ijumaa iliyopita matundu matano yalitoka milimita 31, yaani 26.5.

"Yakhe, pima tena," ami akasema. Nikapima. Ikawa ile ile.

Ile karatasi ya kwanza ameikunja, anayo mfukoni, na bado anasema ni tisa.