Miaka tisa Ulaya, karudi na baiskeli

Basi la kutoka Dar lilinishusha Mombo jioni. Konda akaichomoa baiskeli kwenye buti kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa, akauliza, "Sasa kaka, hii unaipeleka wapi?" Nikamwambia Mtae. Akacheka mpaka dereva akachungulia dirishani.

Kwa wasiopajua kwetu: Mtae iko ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, pale mlima unapokatika ghafla na chini ukaiona nyika ya Mkomazi imetandazwa hadi milima ya Upare. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami. Kutoka Lushoto hadi Mtae zinabaki kama 60, na nyingi ni za vumbi.

Nimekaa Utrecht, Uholanzi, miaka tisa, na huko ndiko nilikojifunza kusafiri kwa baiskeli: mikoba miwili nyuma, hema, jiko dogo, unakatiza mashamba kwa vinjia ambavyo gari haliruhusiwi. Kila njia panda ina namba. Unaandika namba zako kwenye kikaratasi asubuhi, unazifuata, jioni umefika. Hupotei hata ukitaka. Adui ni upepo tu, maana nchi yenyewe ni bapa kama chapati. Kilima kirefu kuliko vyote Uholanzi ya Ulaya kina mita 322. Mombo, ambako sisi wa milimani tunakuita "chini", kumeshakipita.

Hesabu hiyo niliipiga kesho yake asubuhi, nimeketi juu ya jiwe kabla ya Soni, mji mdogo wa katikati ya njia, napumua kwa mdomo.

Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo zile kilomita 33 zinakupandisha karibu mita elfu moja. Barabara imebanwa kati ya ukuta wa mlima na korongo la mto, kona baada ya kona. Njia hii niliipita utotoni mara zisizo na idadi, ama nimelala ama natapika kwenye mfuko wa rambo. Sikujua kwamba maji yanasikika safari nzima. Sikujua kwamba kuna mahali ubaridi unaanza ghafla, unapinda kona moja na jasho linageuka kuwa maji ya friji mgongoni.

Na utulivu! Kule chini, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, malori yanakupita mpaka usukani unatikisika. Simshauri mtu aendeshe pale. Ukishakata kona ya Mombo tu, kelele zinabaki nyuma. Zinapita Hiace, bodaboda, Noah zilizojaza watu hadi mlangoni. Fuso za mboga nyingi huteremka jioni zikiwahi masoko ya Dar, kwa hiyo anayepanda alfajiri anakuwa na barabara karibu peke yake. Madereva hupiga honi kabla ya kona. Toa vitu masikioni, usikilize.

Hapo kwenye jiwe akanikuta mama mmoja ana tenga la karoti kichwani na mtoto mgongoni. Alikuwa anapanda mlima uleule, kwa miguu, bila kuhema.

"Pole mwanangu. Imeharibika?"

"Hapana mama. Nimechoka tu."

Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. "Basi shuka uikokote."

Akaenda zake. Nilimkuta Soni, ameshauza nusu ya karoti.

Lushoto nililala usiku mmoja. Mji umekua, na wageni wanaokuja kutazama mandhari ya Irente wamekuwa wengi kuliko ninavyokumbuka. Cha kusimulia ni Magamba. Ukitoka mjini unaanza kupanda tena, unaingia msituni, ukungu wa mwezi wa saba umekaa kwenye miti kama moshi wa jiko la kuni. Mbega waliruka juu ya barabara, mikia meupe inaning'inia. Nikamkumbuka bibi mwenye nyumba wangu wa Utrecht na vyungu vyake vya maua dirishani, ya zambarau, majani yana manyoya kama sikio la mbuzi. Kwa Kidachi wanayaita urujuani wa Kepu, yaani wa Rasi, kule Afrika Kusini. Nilimweleza mara kadhaa kwamba asili yake si Afrika Kusini, ni misitu yetu ya Usambara na Tanga, yalipelekwa Ulaya wakati wa Mjerumani. Kila mara alijibu, "Kumbe!" na wiki iliyofuata ni urujuani wa Kepu tena. Nikaacha.

Mbele ya Magamba lami ikaniaga. Lukozi nilikuta viazi na kabichi vimerundikwa kandokando ya barabara kama vichuguu, nikanywa chai ya tangawizi, nikaendelea. Njia hapo haipandi wala haishuki kwa maana ya kawaida. Inafanya vyote viwili kila baada ya mita mia mbili. Anayetaka kuijaribu aje na gia ndogo kabisa za kupandia, na asije masika, maana ule udongo mwekundu ukilowa hauna tofauti na sabuni.

Kwenye mteremko mmoja kabla ya Manolo nikasikia "tang!" nyuma yangu. Spoku imekatika, na imekatika upande wa gia. Wanaojua baiskeli wameshaguna. Kuibadilisha ile lazima ufungue meno yote ya gia, na ufunguo wake maalumu nilikuwa nimeuacha kwenye droo, Utrecht.

Fundi alikuwa chini ya mparachichi, mzee wa miaka sabini hivi, kofia ya sufi, koti la mvua la mtu mnene kuliko yeye. Nikamweleza habari ya ufunguo. Hakunijibu. Aliinuka akachomoa spoku kwenye ringi kuukuu la baiskeli ya Phoenix lililoning'inia mtini, akaipima kwenye gurudumu langu: ndefu kwa karibu sentimita moja. Akakata kichwa chake kwa koleo, akaukunja ule mwisho mara mbili kama herufi Z, na ule urefu uliozidi ukaishia kwenye mikunjo. Halafu akaupenyeza kwenye tundu la habu, kitovu cha gurudumu, kwa upande, gia zikiwa palepale. Akakaza nati. Akazungusha gurudumu, akawa anazidonoa spoku kwa kucha moja moja, kichwa kimeinama, kama mtu anayetafuta sauti ya zeze.

"Elfu mbili," akasema. Kisha, "Wewe ni wa kwa nani?"

Swali hilo sikuulizwa miaka tisa. Kule huulizwa unatoka wapi. Nikamwambia: Mtae, mjukuu wa yule mzee wa mizinga ya nyuki, nyumba ya mwisho njia ya ukingoni.

Akanyamaza. "Babu yako alikuwa na Phoenix nyeusi. Ina dinamo."

"Ndiyo, mzee."

"Tairi la nyuma nilimfunga mimi. Hakumaliza kulipa."

"Alibakiza shilingi ngapi?"

Akatazama juu, kwenye maparachichi. "Za wakati ule, mia na hamsini. Za leo, fanya elfu tano."

Nikalipa elfu saba. Alipoziweka mfukoni akalegea, akaanza kusimulia: babu alikuwa akishuka na asali mpaka Lukozi siku za gulio, anarudi usiku anaikokota baiskeli huku anaimba, watu wa Manolo wanajua saa kwa sauti yake. Mimi babu nilimjua kitandani tu, mzee wa kukohoa na kuomba maji. Sikuwahi kuambiwa kwamba aliimba. Nilitaka kuuliza aliimba nini, lakini mteja mwingine akaja na pancha.

Nilifika Mtae jua likizama. Mama akanikumbatia, akalia, akanishika mashavu. Halafu akatazama barabarani nyuma yangu.

"Gari liko wapi?"

Nikamwonyesha baiskeli. Mama alikaa kimya muda mrefu kidogo. "Miaka tisa," akasema. Tena kwa sauti ndogo, kwa Kisambaa, akasema jambo ambalo sitaliandika hapa. Akaingia ndani akatoka na kitenge, tukaibeba wawili mpaka chumba cha nyuma, akaifunika yote, usukani hadi tairi, kama anafunika maiti.

Asubuhi anga ilikuwa safi, na Kilimanjaro ilionekana kwa mbali, nyeupe juu. Nilikuwa nje napiga mswaki jirani alipokuja kunisalimu. Tukaulizana hali, baridi, mahindi. Kisha akasogea karibu.

"Tumesikia gari limekwama Lushoto. Litapandishwa lini?"

Nikamgeukia mama. Alikuwa mlangoni anachagua maharage. Hakuinua kichwa.