Majina ya upande wa mama

Leo nimeshinda Magomeni kwa bibi. Nilimkuta uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga moja kiunoni, nyingine kaitupia begani kwa ajili ya joto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

Nilikuja na maneno. Nimekaa nayo muda mrefu, tangu niliposoma ule utafiti wa mifupa ya pwani, na sikuwahi kumweleza vizuri.

Bibi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Tangu nilipopata akili zangu namsikia akihesabu nasaba ya kwao: fulani bin fulani bin fulani, anapanda nayo mpaka anafika kwa watu waliokuja na jahazi kutoka Shirazi, kule Uajemi. Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu wetu alisema darasani kwamba hizo ni hadithi tu, watu wa pwani wamejitungia asili ya ng'ambo ili wajione bora kuliko wa bara. Darasa zima lilicheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimemwonea bibi aibu, na kwa miaka mingi kila alipoanza "bin fulani" nilikuwa natafuta kazi ya kufanya jikoni. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Machi 2023 zikachapishwa habari za vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, Mtwapa na Manda kule Kenya, na kwetu Kilwa na Songo Mnara. Wengine walitoka katika mji mmoja wa bara. Niliisoma ile makala kwenye daladala, na nikapitiliza kituo. Walikuta kwamba watu wa asili ya Afrika na wa asili ya Asia walianza kuchanganyika karibu mwaka 1000, na kwamba kati ya asilimia 80 na 90 ya ule upande wa Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Wa Uajemi, bibi! Damu ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi. Tarikh ya Kilwa, ile inayosimulia habari za mtoto wa sultani wa Shirazi na ndugu zake, haikuwa ikiota ndoto.

Lakini hiyo ni nusu ya habari, na ile nusu ya pili ndiyo iliyonipeleka Magomeni leo.

Niseme kwanza mambo haya yanavyofanyika, maana nayaelewa kwa mikono. Kazi yangu ni ya maabara, napima wingi wa virusi. Mashine ya PCR inachukua kipande kidogo cha vinasaba na kukirudufu mara mamilioni, na humo humo ndimo ilimo hatari yake. Katika maabara moja niliyofanyia kazi zamani, asubuhi moja sampuli ya maji matupu, ile tunayoiweka makusudi ili isitoe kitu, ilitoa jibu. Maana yake majibu yote ya siku ile hayakuaminika. Tulisugua meza kwa jiki, tukatupa vitendanishi, tukarudia kupima watu waliokuwa wakisubiri nje kwenye mabenchi, na kuna mama mmoja aliyetoka Mbagala kwa nauli ya kukopa. Sikulala vizuri wiki ile.

Sasa fikiria mfupa wa miaka mia sita. Vinasaba vyake vimekatikakatika, vipande vingi havifiki hata herufi mia (vinasaba huandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T), na vimezama katika vinasaba vya bakteria wa udongoni. Anayeushika naye amejaa vinasaba vipya, vizima, kwenye mate, kwenye jasho, kwenye unywele mmoja ulioponyoka. Ndiyo maana hawa wataalamu hujifunika mwili mzima na kuvaa glovu mbilimbili. Wakishasoma herufi, hutafuta uchakavu: kwenye ncha za vipande vya kale herufi C huwa imeharibika kiasi kwamba mashine huisoma T. Kipande chenye ncha zilizochakaa namna hiyo ni cha marehemu, na kilicho safi mno kinatiliwa shaka. Nilipolielewa hili nilifunga simu nikakaa kimya. Kazini kwetu kuharibika kwa sampuli ni hasara. Kwa hawa, ule uharibifu ndio ushahidi.

Mahali pazuri pa kuchimba ni mfupa mgumu uliozunguka sikio la ndani, upande wa chini wa fuvu. Ni mfupa mdogo na mzito, na huhifadhi vinasaba hata pale ambapo mbavu na mapaja yameshakuwa unga. Na hapa kwetu hatuna budi kuutegemea, kwa sababu joto ni adui. Huko Siberia, kwenye ardhi iliyoganda, wamesoma vinasaba vya tembo wa barafu wa zaidi ya miaka milioni moja. Sisi, mtu wa Mlambalasi karibu na Iringa, wa miaka kama 18,000, matokeo yake yalipotoka 2022 alikuwa ndiye binadamu wa kale zaidi kusomwa vinasaba vyake kusini mwa Sahara. Iringa kuna baridi. Kilwa, kwenye chumvi na jua lile, naona ni kama muujiza kwamba kitu kimebaki.

Turudi kwenye nusu ya pili. Kwenye vinasaba kuna sehemu mbili ambazo hazichanganywi. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Vinasaba vya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wote, ila ni binti tu anayeviendeleza. Hata sayansi hii yote ilianzia upande huo wa mama. Mwaka 1984 watu wa Berkeley, Marekani, walipasua njia kwa ngozi ya kwaga iliyokuwa makumbusho, yule pundamilia wa Afrika Kusini aliyekosa mistari nyuma, ambaye wa mwisho alifia Amsterdam mwaka 1883. Walipata herufi 229 tu, zote za mitokondria, na zikatosha kuonyesha kwamba ni ndugu wa karibu wa pundamilia. Kazi zilizofuata zikamweka katika jamii ileile ya pundamilia tunaowaona Mikumi tukipita na basi.

Kwa watu wa pwani, Y ilielekea zaidi Uajemi. Mitokondria, karibu yote, ilikuwa ya Afrika. Na kwa wengi wao zaidi ya nusu ya vinasaba vyote ilikuwa ya hapa hapa, na iliingia hasa kupitia wanawake. Wachimbaji wa mabaki walishaonyesha kwamba miji yetu ilikuwapo kabla ya wageni hao kuoa kwetu, watu wakivua, wakifinyanga vyungu, wakifanya biashara. Mabaharia waliteremka kwenye nyumba zenye wenyewe. Walioa. Watoto wakakua wakizungumza lugha ya mama zao, lugha ya Kibantu, ndiyo hii ninayoandikia. Niongeze tu kwamba wengi wa hao waliosomwa walizikwa karibu na misikiti, kwenye makaburi ya watu wenye nafasi. Mvuvi na mtumwa wa Kilwa bado hawajasema neno.

Nilimweleza bibi haya yote huku namchujia tui. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake. Kisha akauliza: "Na hao maiti, waliombwa ruhusa na nani?"

Swali lake lilinigusa, kwa sababu ninajua pia habari za Berlin. Huko kuna mafuvu yaliyobebwa kutoka Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani, na watafiti walichunguza 1,135. Septemba 2023 walitangaza kwamba vinasaba vimewapata jamaa walio hai hapa Tanzania wa watu watatu. Mmoja alikuwa mshauri wa karibu wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Chombo ni kilekile, ila safari hii kinamsaidia mjukuu kumdai babu yake. Nilimwambia bibi kwamba kuombwa ruhusa ni haki, na kwamba mimi ningetaka kuulizwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kukuna.

Nikamwomba anihesabie nasaba, lakini safari hii upande wa mama. Mama yake, mama wa mama yake, na mama wa huyo naye.

Alitaja la kwanza upesi. La pili upesi. La tatu alilitafuta, akalipata, akatabasamu kwa jinsi lilivyokuwa la kizamani. La nne halikuja. Aliacha kukuna, kifuu mkononi, maji ya nazi yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Upande wa baba anapanda vizazi kumi na moja bila kupumua.

"Hatukufundishwa huku," alisema.

Nimeyaandika yale majina matatu nyuma ya daftari langu la kazi. Kuna mdogo wake Kivinje, mama wa umri wa miaka sabini na kitu, ambaye bibi anasema ndiye aliyelelewa na wazee wa kike. Nimeshaweka vocha. Nitampigia kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda shamba.