Mashine ya Vyombo Uliyotuma Nakuru Ikikataa Kuanza

Mashine ya kuosha vyombo ikishashuka kwenye kontena, ikafungwa jikoni Nakuru au Kisumu kisha ikabonyezwa na isiitike, simu hupigwa kwako ughaibuni. Afadhali, maana fundi asiyeizoea huanza kwa kulaumu bodi, yaani saketi ya elektroniki inayoiongoza mashine, nayo ni kipande cha bei kali. Omba simu ya video, mwenye kushika simu akuonyeshe kitu kimoja kimoja.

Kwanza, imetoka wapi? Ya Uingereza ni volti 230, hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde), nayo inaelewana na stima ya Kenya ya volti 240; plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Ya Marekani ni volti 120, hezi 60. Kama ilichomekwa ukutani bila transfoma, hapo bodi huenda imeungua kweli. Transfoma nayo hushusha volti tu, haigusi hezi: mota ya kawaida ya pampu iliyotengenezewa 60 hupungukiwa sehemu moja ya sita ya mwendo wake, tena huchemka. Ya Marekani usiitume kabisa. Nauli yake iongezee mama anunue ya hukohuko.

Taa zisipowaka hata moja, wachomeke birika la stima kwenye soketi ileile. Birika likichemka, geukia plagi: fyuzi iwe ya ampea 13, si 3 wala 5, na pini zisiwe na weusi wa kuungua. Mashine ikipasha maji huvuta karibu ampea 10, kwa hiyo ekstensheni nyembamba itayeyuka. Ichomekwe ukutani.

Taa zikiwaka lakini kimya, tazama mlango. Lazima usikie "ta!" kitasa kinaposhika. Mpini wa kikaango ukitokeza, au trei ya chini isipoingia hadi mwisho, mlango utaonekana umefungwa kumbe bado. Zile zenye vitufe kwenye ukingo wa juu wa mlango, nyingi hutaka ubonyeze Start kisha ufunge ndani ya sekunde chache, ukichelewa, zinangoja. Angalia pia kama kuna alama ya ufunguo, yaani vitufe vimefungiwa watoto, au kama skrini inaonyesha saa za kuchelewesha, kwa mfano 3h. Taa ya chumvi ya kulainisha maji isikutishe, haizuii mashine kuanza. Ila chumvi ya mezani isitiwe kwenye tundu la chumvi hiyo.

Ikivuma dakika chache kisha ikasimama, shida ni maji, na hapa ndipo nyumba zetu nyingi hunaswa. Mashine nyingi hutaka presha ya angalau bar 0.5, yaani tangi liwe karibu mita 5 juu yake. Tangi la mita 3 hutoa bar 0.3 tu. Kipimo chepesi: koki ya mashine ijaze ndoo ya lita 10 kwa dakika moja hivi. Isipofika, ongezeni pampu ndogo ya presha. Maji yakifika vizuri, fungeni koki, chomoeni plagi, fungueni paipu pale inaposhikana na koki. Kwa mashine nyingi, ndani ya mdomo wake kuna kichujio cha wavu, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Baada ya mgao, maji ya kwanza huja na tope, na tope hilo huganda hapo kama ugali uliokauka. Kivuteni taratibu kwa koleo, kisafishwe kwa mswaki na maji.

Kwa mashine za Bosch, skrini ikionyesha E18, maji hayaingii. E15 ni habari nyingine: kuna maji kwenye sinia la chini, boya dogo limeinuka na kubonyeza swichi ya kuzuia mafuriko. Hutokea sana baada ya safari, kwa sababu maji yaliyobaki ndani humwagika mashine ikilazwa. Chomoeni stima, fungeni koki, watu wawili waiinamishe nyuma kama nyuzi 45 hadi maji yaishe, wakaushe kwa taulo. Boya likishuka, itaanza. E15 ikirudi siku hiyohiyo, kuna paipu inayovuja ndani. Sasa fundi aitwe, na aambiwe atafute uvujaji kabla ya kugusa bodi.