Swali kutoka kiti cha nyuma

Semina yetu ya uchumi hukaa mara moja kwa wiki, na mtoa mada huwa hafiki slaidi ya tatu bila kukatizwa. Nilipoanza masomo ya uzamili niliona ni kumkosea heshima. Siku hizi nakwenda kwa ajili ya hayo makatizo.

Safari hii mwenzetu alichambua utafiti wa wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas kuhusu vyandarua vya mbu, uliochapishwa mwaka 2010. Ubishi wa wakati ule ulikuwa mkali: vyandarua vigawiwe bure, au watu wachangie kidogo ili wavithamini? Cohen na Dupas walikwenda kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakazipangia bei kwa kura. Kwingine bure, kwingine mama alilipa, bei ya juu ikiwa kama senti 60 za dola. Kwa bei hiyo ndogo, sehemu ya akina mama waliochukua chandarua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia! Na aliyepewa bure hakukitumia kidogo kuliko aliyekinunua. Mstari wa grafu ulivyoporomoka, ukumbi mzima ulinyamaza.

Akanyoosha mkono mgeni aliyekaa nyuma, mtu mzima aliyewahi kusimamia bajeti ya afya. "Mwanangu, nikigawa bure mwaka huu, mwakani fedha zikikata, nani atakubali kulipa?"

Hilo ndilo swali la mtu ambaye kesho yake anatia saini. Mwenzetu hakukimbilia milinganyo. Alifungua utafiti mwingine wa Dupas, wa mwaka 2014: waliopata chandarua cha kwanza kwa ruzuku kubwa walikuwa tayari zaidi kulipia cha pili, kwa kuwa walishaona faida yake. Mzee akaandika, kisha akauliza tena: je, na stoo ikiwa tupu? Bei sifuri haimsaidii mama aliyefika kliniki akaambiwa vimekwisha. Hapo tulibishana mpaka muda ukapita, na nadhani ndipo tulipojifunza zaidi, maana usafirishaji haukuwa kwenye grafu yoyote.

Tasnifu yangu ina kurasa nyingi za makadirio, na mapendekezo ya kisera ni mistari minne mwishoni. Jana usiku nimeifuta hiyo minne. Ukurasa wa kwanza sasa unaanza kwa kumtaja anayeamua, fungu analolishika, na mwezi anaopaswa kuamua.